Kigololi Cheupe cha Jicho la Changu

Nilifunga safari ya Msimbati kwa sababu moja: mama yangu alikuwa haoni, na hataki kutibiwa. Daktari wa macho alikuwa anakuja Mtwara kwa wiki moja tu. Akishaondoka, haijulikani angerudi lini. Mume wangu alinionya kuwa mama ni mbishi. Nikamwuliza, "Na mimi ubishi nimerithi kwa nani?"

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda lori pale Mtawanya, nikakaa juu ya magunia ya unga. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mikorosho, nami nikawa nusu nimelala, nusu naota. Mimi ni mwalimu wa sayansi, hata usingizini nafundisha: mwanga unaingia kwenye konea, unapita tundu la mboni, lenzi inaukusanya, unatua kwenye retina nyuma kabisa, kisha neva inapeleka habari kwenye ubongo. Mchoro huo nimeuchora ubaoni mara nyingi, nikidhani naujua.

Baada ya Madimba tulisimama kwenye mikoko, injini ipoe. Maji yalikuwa yamejaa, yametulia tuli. Mikoko ilisimama humo kichwa chini, na anga chini yake. Ndivyo retina inavyoipokea dunia, juu chini, ubongo ukaigeuza. Nikatazama mpaka nisijue upi ni mti na upi ni kivuli chake. Dereva akanipigia honi.

Adhuhuri nikafika. Mchanga wa Msimbati ulimeta hata macho yakajifumba yenyewe. Nikapiga hodi, nikaingia: giza tupu! Ilibidi nisimame, mboni zipanuke. Kwa muda huo mfupi nilikuwa kama mama. Nilisikia mwiko sufuriani, nisimwone mpishi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usikanyage moto. Na kama umefuata jicho langu, halitolewi."

Bi Somoe, jirani aliyekimbia vita ng'ambo ya Ruvuma, alikuwa amemwambia kuwa madaktari hulitoa jicho zima, hulilaza shavuni, hulifuta kwa kitambaa, kisha hulirudisha.

"Wakilirudisha kinyumenyume je?" mama akauliza. "Niwe natazama ubongo wangu?"

Nikafungua daftari upesi. "Tazama hapa, mama, lenzi iko..." Nikalifunga. Namwonyesha mchoro mtu asiyeona! Loo, niliona aibu.

Mama akapakua ugali na samaki changu wa kuchemsha, akanipa kichwa kama zamani. Nikachokonoa jicho, kikatoka kile kigololi cheupe, kigumu. Nikamwekea kiganjani.

"Mlikuwa mkivichezea hivi," akasema.

"Na samaki akiwa mbichi, kinakuwaje?"

"Kinang'aa kama tone la maji, unaona hadi upande wa pili. Kikiingia motoni ndio..." Akakizungusha vidoleni muda mrefu. "Mwanangu, ndicho kilichoharibika kwangu?"

"Ndicho hicho, mama. Hiyo ndiyo lenzi. Yako imekuwa nyeupe kwa umri, mwanga haupiti. Daktari anapasua kidogo ukingoni, anaitoa hiyo tu. Jicho linabaki mahali pake."

"Na Somoe alivyokula vichwa vya samaki maisha yake yote, asilijue hili!" Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, nifungie kanga zangu."

Kesho yake tulirudi na lori lilelile. Njia nzima aliuliza tumefika wapi, nami nikamsimulia mikorosho na mikoko. Mkono wake ulikuwa baridi ndani ya wangu. Niliogopa sana, maana mimi ndiye niliyemshawishi.

Hospitalini alilala chali siku kadhaa, macho yamefungwa bendeji. Nikakaa kando ya kitanda nikiwaza masomo yangu. Siku hizi nikifundisha jicho, naanza na kichwa cha samaki. Watoto washike kwanza, ubao baadaye.

Asubuhi ya kufunguliwa, muuguzi alimvika miwani minene, ifanye kazi ya lenzi iliyotolewa. Mama akanitazama. Akanyoosha mkono, safari hii bila kupapasa, moja kwa moja hadi juu ya sikio langu.

"Mvi," akasema. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, mama."

"Masikini! Miaka yote hii nilidhani naongea na msichana."

Nikaangua kilio, nikajifunika uso kwa kanga. Akaishika kanga, akaivuta chini.

"Toa hiyo. Bado nakutazama."