Mikono Mpaka Ikauke

Mtaani walimwita Bi Nawa, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akitoa watu damu, na wagonjwa walikuwa tayari kusubiri saa nzima ili wachomwe sindano na yeye badala ya mwingine. Kwa hiyo mradi wa kupima madini ya risasi katika damu ya wakazi wa mji ulipotafuta mtu wa kuchoma watoto vidole, hakuna aliyejikuna kichwa.

Tone moja linatosha, lakini tone hilo lina masharti. Kidole kikiwa na vumbi la risasi, vumbi huingia kwenye damu na kipimo hupanda bure. Ndiyo maana kila anayepimwa hunawishwa kwa sabuni mara mbili. Bi Nawa aligundua jambo ambalo walioandika maelekezo walilisahau: mtu akishanawa, hata awe msomi wa kutupwa, hujifuta kwenye nguo zake, na vumbi hurudi palepale. Basi yeye alishika mkono wa kila mtoto, akauinua juu, wakangoja wote wawili mpaka ukauke wenyewe. Foleni ilinuna. Yeye wala hakujali.

Majibu yalipotoka, watoto ishirini na wawili wa mtaa mmoja walikuwa na risasi mara tatu ya kiwango cha hatari. Daktari wa mradi, kijana mwenye haraka zake, alimwita ofisini.

"Mama, usinielewe vibaya. Hii ni mikono michafu tu. Nitayafuta majibu ya mtaa huu."

Mtaa wenyewe ulikuwa wa Bi Nawa. Mumewe alikuwa fundi betri. Alipasua betri kuukuu za magari uani kwake na kuyeyusha risasi iliyomo. Na kati ya wale ishirini na wawili alikuwemo mjukuu wao wa miaka minne.

Bi Nawa alijifungia chooni akalia. Daktari akiwa sahihi, mtoto ni mzima, na yeye ni mzembe wa miaka ishirini na sita. Mungu amsamehe, alitamani sana awe mzembe. Lakini aliikumbuka mikono ile mmoja mmoja, na wa mjukuu wake aliushika muda mrefu kuliko yote. Alinawa uso, akarudi.

"Daktari mwanangu, usifute kitu. Tutoe damu ya mshipa, isiyopita kwenye vumbi la kidole, wewe ukiona kwa macho yako. Anza na mjukuu wangu."

Baada ya siku tisa daktari alimfuata nyumbani, karatasi mkononi. Namba zilikuwa zilezile.

"Nimekosa, mama. Ningefuta, mtaa huu ungeandikwa salama."

Bi Nawa aliona fahari, na fahari ile ilimuuma.

Mumewe alikuja juu. "Kazi hii nimeifanya tangu ujana. Mbona sijafa?"

"Hujaulizwa wewe, mzee. Soma hapa, namba ya mjukuu wako."

Alisoma. Akasoma tena. Wiki ile ile akahamisha tanuri nje ya mji, na mafundi wenzake wanne wa mtaa ule wakamfuata, maana Bi Nawa alikuwa amewapitia nyumba kwa nyumba. Mradi ulikwangua udongo wa nyua zote na kuupeleka mbali.

Baada ya miezi minane namba ya mtoto ilikuwa imeshuka nusu. Daktari sasa hufundisha wachoma vidole wapya, na sampuli ya mkono usioshikwa mpaka ukauke haipokei.

Lakini ukitaka kujua Bi Nawa anajivunia nini, usiulizie mradi. Simama mlangoni kwake jioni. Fundi hurudi akiwa ameshabadili nguo, hunawa bombani mara mbili, na mjukuu humkimbilia. Babu hurudi nyuma, mikono juu kama aliyekamatwa na polisi.

"Ngoja, mjukuu wangu, bado mbichi!"

Na mtoto hungoja, mikono yake midogo nayo ikiwa juu, mpaka babu akauke ndipo ambebe.