Sikio na Gari la Maiti

Fundi huyu aliitwa Sikio, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Kwa miaka mingi alirekebisha injini kwa kusikiliza tu. Alimwambia mteja akanyage mafuta mpaka mwisho, yeye akafumba macho na kuinamisha kichwa kama mtu anayesengenywa chumba cha pili, kisha akatoa hukumu: "Hewa imezidi," au, "Petroli imezidi, inakunywa kama ngamia." Akafungua kabureta, akabadilisha jeti, yaani kile kijitundu cha shaba kinachopitisha petroli, na gari likaondoka likiwa na adabu zake.

Siku moja alimrudishia dereva wa teksi gari lake, akamwambia, "Sasa inaimba." Iliimba wiki mbili. Wiki iliyofuata, ikipanda mlima na abiria wanne, pistoni ikatoboka. Injini ilikuwa ikipata hewa nyingi na petroli kidogo. Ukiikanyaga sana ikiwa katika hali hiyo, inajipika ndani kwa ndani, na kabla ya kufa hugonga kwa sauti nyembamba. Sikio hakuisikia. Aliijenga upya injini ile bila kumtoza dereva chochote, bila kumweleza sababu, na bila kumaliza chakula chake hata siku moja katika muda wote huo.

Sahani zilizorudi na chakula zilionwa na mkewe. Mama huyu alikuwa mshonaji, na chumba chake cha kushonea kilipakana ukuta na gereji. Hakuuliza maswali, kwa kuwa ya karibuni hayakujibiwa; alimvalisha mumewe shati safi, akamfikisha kwa daktari wa masikio.

Daktari alimvisha vifaa kichwani, akamwambia anyooshe mkono kila akisikia mlio. Sikio akatulia, mikono magotini, akingoja mtihani uanze. Ulikuwa umeshafika nusu.

"Sauti nene anazisikia," daktari alimwambia mke. "Nyembamba zimeshaondoka. Zimeharibiwa na kelele za kazi, na hazirudi."

"Ndiyo maana nyumba nzima hamsikii mtu isipokuwa kaka yake mwenye sauti nene," alisema mke, ambaye sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi wake.

"Unasemaje?" aliuliza Sikio.

"Nasema twende nyumbani."

Basi Sikio akanunua mita. Ilikuwa na kinusio kinachochomekwa kwenye bomba la eksozi, na kioo kidogo kinachoonyesha ni kilo ngapi za hewa zinazoungua na kila kilo moja ya petroli. Gari likitembea taratibu, kumi na nne na ushee si mbaya. Likikanyagwa mpaka mwisho, injini inataka petroli zaidi, hewa ishuke mpaka kumi na mbili na nusu hivi. Haya yote Sikio aliyajua zamani bila namba. Kuyasoma kiooni kulimfanya ajione kama mtu anayeelezwa na jirani tabia za mke wake mwenyewe.

Mteja wa kwanza wa mita alikuwa mwenye biashara ya mazishi, mtu wa tai nyeusi ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Mazishi. Kazi ilikuwa imemfundisha kunong'ona. Alinong'ona maelezo marefu, Sikio akaitikia kila sentensi kwa kichwa, kisha akamgeukia mkewe.

"Anasema gari la maiti linaishiwa nguvu mlimani," mke alifafanua. "Mara ya mwisho wafiwa walishuka wakasukuma."

"Si heshima," alinong'ona Bwana Mazishi.

Wakaenda kulijaribu kwenye barabara ya machimbo ya mawe yaliyofungwa, barabara iliyonyooka hadi mlimani na isiyo na magari. Waya wa mita ulikuwa mfupi. Ulitoka kwenye eksozi, ukapenya mlango wa nyuma, ukaishia hapohapo. Kwa hiyo Sikio alilala chali nyuma, pale panapolala wengine, kioo cha mita kikiwa kifuani. Bwana Mazishi akashika usukani. Mke alikaa pembeni yake, kwa kuwa lazima awepo mtu wa kusikia minong'ono.

"Kanyaga!" Sikio alipaza sauti.

"Anasema amekanyaga," alijibu mke.

Namba zilikuwa za gari linalotembea taratibu, kwa sababu gari lilikuwa linatembea taratibu. Maisha yake yote mguu wa Bwana Mazishi ulikuwa umekwenda mwendo wa msiba, na sasa uligoma kabisa kubadilika.

"Nipishe, shemeji," alisema mke. Kabla ya kuolewa alikuwa dereva wa gari la mikate, na mikate haingoji.

Alikanyaga mpaka sakafuni. Gari likaguna, likachomoka. Namba ikapanda kumi na tano.

"Achia! Achia mafuta!" Sikio alipiga kelele, lakini mkewe alikuwa ameshaachia.

"Kuna kitu kinagonga," alisema. "Kama kokoto zinatikiswa ndani ya mkebe. Hukusikia?"

"Sikusikia." Hakuwahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu.

"Hata ile teksi ililia hivihivi. Nilikuwa nakata pazia, nikaisikia ukutani."

Sikio akainuka, akakaa. "Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Wewe ndiye Sikio. Nilidhani umesikia ukaona ni sawa."

Sikio alishuka, akafungua boneti, akasubiri injini ipoe, na hakusubiri vya kutosha, akaungua kidole. Bwana Mazishi alisimama pembeni, viganja vimekutana mbele, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kusimama karibu na watu wenye huzuni. Jeti mpya ikaingia, tundu lake pana kidogo kuliko la kwanza.

Safari ya pili namba ikasimama kumi na tatu na nusu. "Inagonga?" aliuliza Sikio.

"Kidogo. Karibu na kilele."

Akabadilisha tena. Safari ya tatu gari la maiti liliupanda mlima kama limeitwa. Kumi na mbili na nukta sita, na namba haikutikisika.

"Haigongi!" alisema mke.

"Basi, achia."

Hakuachia.

"Mama watoto, achia!"

"Bado nasikiliza," alijibu, naye akaongeza gia.

Kileleni palikuwa na vibarua wanaoziba mashimo ya barabara. Walipoona gari la maiti walivua kofia, kama inavyopasa. Sikio alikuwa ameinuka kwa kiwiko ili aone mlima umeishia wapi. Macho yao yalikutana dirishani, na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, aliwapungia mkono. Kibarua mmoja akakaa chini palepale alipokuwa. Mwingine aliliacha koleo na hakulirudia.

Bwana Mazishi alifikiri mpaka wakafika chini upande wa pili.

"Katika kazi yangu yote," alinong'ona, "wangu hawajawahi kumpungia mtu."

Wakarudi mdogomdogo. Bwana Mazishi alishukia kwake, akawaachia gari wamalizie kulifunga kesho yake. Sikio akahamia mbele. Njiani alimtazama mkewe anavyobadilisha gia bila kuangalia.

"Ile teksi nitaenda kumwambia dereva ukweli," alisema Sikio.

"Nenda. Mimi nitakuja nawe, usije ukaitikia usichokisikia."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu pistoni ile itoboke.

"Baada ya hili kuna gari la nani?" mke aliuliza.

"La mwalimu wa kwaya."

"Lina kasi?"

"Halina."

"Tutaona," alisema mke, akakunja kona ya kwenda nyumbani bila kugusa breki.