Fundo Lililomshika Kambare

Dada yangu alifika nyumbani Alhamisi mchana akiwa hana raha, na kabla hata hajavua viatu alikuwa ameshatuambia kwamba amesema uongo.

Yeye ni mwalimu wa primary huko Emali, na anaolewa na kijana anayefanya kazi kwenye stesheni ya reli, mtu wa kutoka pande za ziwa. Mama yake huyo kijana alikuwa anakuja kwetu Jumamosi kwa mara ya kwanza. Walipokutana Emali alikuwa amemuuliza dada, kwa upole tu, "Na kwenu mnakula nini?" Dada akashikwa na woga akajibu, "Samaki, mama. Tuna silanga."

Silanga tunayo, hilo ni kweli. Ni bwawa ambalo watu wa pande zetu za Kasikeu walichimba ili ng'ombe wapate maji, na ndani yake kuna kambare ambao hakuna anayejua nani aliwaleta. Lakini kuwala, hapana. Kwetu kambare anaogopwa kwa sababu ya zile ndevu.

"Si umwambie tu ulikosea," Mama alisema.

"Nimwambie aje? Atasema mahari haijatoka na msichana ameshaanza kudanganya."

Baba akasema mbuzi yuko. Dada akasema mbuzi hakumtaja. Akakaa kwenye kiti akafunika uso, na mimi nikaenda kuongeza maji kwenye chai ambayo ilikuwa na maji ya kutosha. Mimi huwa hivyo. Kuandika naweza, ndiyo maana nina daftari hili tangu Fomu One, lakini kusema mbele ya watu kunanishinda. Hata mgeni akiniuliza niko Fomu gani, Mama ndiye hujibu.

Aliyefurahi ni kaka yetu mkubwa. Yeye ni taniboi wa lori, na siku hizo lori lao lilikuwa gereji, kwa hivyo alikuwa nyumbani akilala mpaka saa nne. Kwenye begi lake alikuwa na ndoano mbili na nailoni ya kuvulia aliyonunua Mombasa kwa ajili ya kujionyesha tu, maana hakuwahi kuitumia.

"Niachieni mimi," alisema. "Mimi nikifunga turubai Mombasa, inafunguliwa Malaba, na kwa kisu. Huyo samaki ni nani?"

Ijumaa asubuhi tulienda silanga sisi watatu. Kaka alikata fito ndefu, akafunga ndoano kwa fundo lake la turubai, akaweka mnyoo niliouchimba kwenye unyevu wa bafu. Kipande cha ndala kilichofanya kazi ya kuelea kilikaa kimya kwa muda mrefu, halafu kikazama. Fito ikapinda. Dada akaomba kwa sauti. Halafu fito ikanyooka, na kaka akaketi chini bila kupenda.

Nailoni ilirudi bila ndoano.

"Nailoni takataka," kaka alisema. "Imekatika. Wale Waarabu wameniuzia kitu kimeoza."

Nilikuwa nimeshika ule mwisho wa nailoni. Haukuwa umekatika. Uzi ukikatika ncha inakuwa imenyooka. Huu ulikuwa umejikunja kama mkia wa nguruwe, kama nywele zilizotoka kusukwa. Ulikuwa umefunguka tu, taratibu, kona baada ya kona, na kambare akaenda na ndoano yake. Nilijua hayo yote nikiwa nimesimama pale, nikauviringisha uzi kidoleni nikautia mfukoni. Dada alikuwa analia kidogo. Tulibaki na ndoano moja.

Nyumbani nilimpelekea susu ule uzi. Susu ni nyanya yetu, mama yake Baba, na kutoka asubuhi mpaka jioni anasuka viondo akiwa ameketi mlangoni kwake. Kwake naongea, kwa sababu yeye haangalii mtu usoni, anaangalia kiondo.

Aliipitisha nailoni kati ya vidole. "Mtu wa lori ndiye amefunga hii?"

"Ndiyo, susu."

"Amefunga kama katani." Akachukua nyuzi mbili za katani alizosokota mwenyewe pajani, akazipiga fundo rahisi kabisa, akanipa nivute. Halikusogea. "Katani ina nywele. Inajishikilia yenyewe. Hii haina kitu, ni kama kumshika mtu aliyejipaka mafuta. Kwa hivyo utafanya nini?"

"Nitamzungushia mikono mara nyingi," nikasema, na susu akacheka mpaka kiondo kikaanguka.

Basi mchana wote tukacheza. Sijui neno lingine. Tulifunga kipande cha nailoni kwenye mkono wa ndoo, tukaining'iniza kwenye boriti ya ghala, na susu akawa anatia mchanga kwa kikombe. Fundo la kaka liliteleza ndoo ikiwa haijafika nusu. Nikajaribu kupitisha uzi kwenye mkono wa ndoo, nikauzungusha juu yake wenyewe mara kadhaa, nikarudisha ncha kwenye kale katundu kalikobaki karibu na mkono wa ndoo, nikavuta kwa nguvu. Safari hii haikuteleza, ilikatika palepale kwenye fundo, ncha ikiwa imenyooka.

"Umevuta ikiwa kavu," susu alisema. "Imejichoma. Mimi nikikaza uzi bila kuulowesha si ungekatika kila siku? Tia mate."

Nikatia mate. Nikavuta polepole, na yale mazungushio yakajipanga moja juu ya jingine kama nyoka anayelala. Ndoo ilijaa mchanga, ikaning'inia. Susu akaibonyeza kwa mkono, ikaning'inia tu. Tukaiangalia kama watu wanaoangalia televisheni.

Nailoni nzima iliyobaki ilikuwa fupi, kwa hivyo tukaiunganisha na katani. Hapo susu alikataa fundo moja la nyuzi zote mbili, akasema mmoja utamdanganya mwenzake. Tulifanya kitanzi kwenye katani kwa fundo lake rahisi, kitanzi kwenye nailoni kwa fundo la mazungushio, tukavishikanisha kama watu wawili wanaoshikana vidole. Kila uzi ulibaki na fundo lake. Halafu nikafunga ile ndoano ya mwisho.

Jumamosi alfajiri kaka aliiona.

"Nani amegusa ndoano yangu?"

Nikachukua ufagio nikafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Mimi," susu akasema kutoka mlangoni kwake.

"Susu, tangu lini unajua samaki?"

"Samaki sijui. Uzi najua. Nenda."

Akaenda, na sisi nyuma yake. Kipande cha ndala kilizama kabla hata hatujaketi. Fito ilipinda mpaka ikalia, kaka akaitupa, akashika katani kwa mikono kama anayekaza turubai, akarudi kinyumenyume, akateleza, akaketi kwenye matope na nguo alizopanga kumpokelea mgeni. Hakuachilia. Mimi macho yangu yalikuwa pale vitanzi viwili viliposhikana. Kambare akatokea majini, mweusi, mrefu kama mkono wangu, na ndevu zote. Dada alimrukia mzimamzima na kanga yake. Tulirudi nyumbani tukimbeba sote watatu, ingawa mmoja angetosha, kila mtu amemshika kwa kitambaa.

Mgeni alifika saa tano, mama mnene mwenye sauti ya chini, na chai ilipokwisha akauliza samaki yuko wapi. Alikuwa kwenye karai jikoni, amefunikwa shuka. Mama alikuwa amemwangalia asubuhi yote bila kujua aanzie wapi. Mgeni akafunga leso kiunoni, akaingia jikoni kwetu kama kwake, akaomba majivu, akamsugua utelezi wote ukatoka. Halafu akafungua mdomo wa kambare, akachungulia.

Ndoano ilikuwa bado ndani, na kipande cha nailoni. Kaka alikuwa ameikata kwa haraka kule silanga. Mgeni akaitoa ndoano, akaiosha, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Nani alifunga hii?"

Nilimwangalia susu, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda hapo jikoni. Susu alikuwa anasuka kana kwamba amekuwa kiziwi. Kaka naye alikuwa anamngoja susu.

"Ni mimi, mama," nikasema.

"Wewe?" kaka akauliza.

"Fundo lako lilifunguka," nikamwambia. "Ncha ilirudi imejikunja. Nailoni haikuwa na makosa."

Huyo mama akacheka kwa ile sauti yake ya chini. "Mume wangu alikuwa akifunga hivihivi. Lakini mwisho umeukata karibu sana, binti. Acha kidogo, kama ukucha. Na uzi ukiwa wa kusokotwa, huu wa magunia, unafanyaje?"

"Huo sijui, mama."

"Lete."

Nikaleta. Akaukunja mara mbili, akaupitisha kwenye tundu la ndoano, akapiga fundo la kawaida, kisha akaivisha ndoano nzima kwenye kitanzi na kukaza. Akanipa nifanye. Nami nikamwonyesha vitanzi viwili vya katani na nailoni, akasema hivyo hakuwa ameona. Susu akasogeza kigoda karibu.

"Na hapa mnakula samaki mara ngapi?" mgeni akauliza, bila kuinua macho.

Dada akatazama sakafu. "Leo ndiyo mara ya kwanza, mama."

"Najua. Niliona mlivyomfunika na shuka kama maiti." Akaendelea kukaza uzi. "Lakini mlimtafuta."

Baba aliomba sala ndefu mpaka mchuzi ukaota ngozi. Kambare alikuwa mtamu, hata Mama alisema, ingawa alikula akiwa amefumba macho. Mimi niliongea chakula chote, juu ya nyuzi tu, mpaka kaka akauliza kama kuna mtu anaweza kunifunga mdomo kwa fundo lisilofunguka.

Wakati wa kuondoka mgeni alimshika dada mkono akamwambia akienda ziwani kuwatembelea aende na yule anayefunga ndoano. Baba akafungua mdomo anijibie.

"Nitakuja, mama," nikasema. "Nitakuja na katani ya susu."