Resistor za lumbesa zilivyogeuza viazi vya Kibirichia kuwa mawe

Wakuu, poleni na baridi. Haya niliyaona kwa macho yangu, sijatia chumvi.

Kwa wasionijua: diploma moja, miaka kadhaa Doha, nyumba ya mawe Kibirichia ya jasho langu. Nina mashine ya kuchambua viazi kwa kamera, inatenga viazi na mawe. Bodi yake ya umeme nimechora mwenyewe.

Mnunuzi wa kampuni ya crisps alikuwa aje Jumamosi. Akiridhika, kikundi chetu cha wakulima kinapata soko na tunaachana na mabroka wa lumbesa, lile gunia la kujazwa mpaka linaota kichwa, kwa bei ya gunia moja.

Shida ilikuwa laini ya clock, ile inayopeleka mapigo ya kuongoza kamera, kutoka kwa processor hadi kwa kamera. Signal ya kasi ikifika mwisho inarudi kama mpira uliogonga ukuta, na picha inachafuka.

Dawa ni resistor ndogo, kizuizi cha umeme kinachopimwa kwa ohm, pale signal inapoanzia. Laini ni ohm 50, chip yenyewe ina kama 17, unaongeza 33. Ni hesabu ya kutoa tu. Wenye digrii mnisamehe.

Nikamwagiza binamu yangu Mutwiri, alikuwa Nairobi. Akarudi akitabasamu, na ukanda mzima wa resistor za ohm 100.

"33 ya nini na bei ni moja? Nimekuwekea nyongeza."

Mwenyekiti wetu, Mama Kendi, akamuunga mkono. "Unapewa zaidi unakataa? Huko Doha ulifunzwa madharau. Weka!"

Nikaweka, wajionee.

Signal ikapanda kwa kujikokota, kamera ikaona matope. Viazi vya kwanza vilikuwa vya Mama Kendi. Mashine ikavitupa upande wa mawe, kimoja baada ya kingine.

"Ati shamba langu linazaa mawe?"

"Mama, hiyo ndiyo nyongeza."

Ilikuwa Ijumaa jioni. Nairobi ni mbali.

Nikautazama ule ukanda. Ohm 100 tatu zikiwekwa sambamba zinakuwa 33! Nikazibebanisha, moja juu ya nyingine, nikachoma solder. Zikaota kichwa kama gunia la broka.

Picha ikatulia tuli. Jumamosi mnunuzi akachukua mzigo wote, kwa mizani.

Funzo: resistor huchaguliwa kwa hesabu, si kwa ukarimu.

Ila Mutwiri anazunguka soko akisema, "Bila nyongeza yangu, hizo tatu angetoa wapi?" Na Mama Kendi anampigia makofi.

Wakuu, nimjibuje? Mwenye kukosoa hesabu yangu aanze kwa kuonyesha diploma.