Kamba ya Mama Sikitu

Usiku ule walinijia ndotoni wote waliokuwapo siku ya kisima: baba, aliyekuwa mchimbaji, Mama Sikitu, mwenye kiwanja na mwenye kamba, mdogo wangu Yona, wakati huo bado mtoto wa kuchezea tope, na mimi, niliyeshika kamba. Katika hao wanne, baba peke yake ndiye marehemu.

Kabla hatujalala, Yona, ambaye sasa yuko kidato cha pili, alikuwa akisoma fizikia kwa sauti. Aliniuliza kitu kinachoanguka huwa na mwendo gani. Nikasema mkali. Akacheka, akasema hiyo ndiyo hasara ya kuishia darasa la sita.

Katika ndoto, jua ni la saa saba. Kamba imezungushwa kwenye gogo lililolazwa juu ya kisima, nayo ina mafundo, kila pima fundo moja. Mama Sikitu anamtania baba asichimbe sana, asije akamletea maji ya chumvi kutoka Pwani. Baba, ncha ya kamba imefungwa kiunoni mwake, anacheka, kichwa chake kinazama kisimani, nami nafanya mchezo wangu wa kila siku: nalegeza mikono, naacha fundo moja lipite, nadaka la pili.

La kwanza lilipita taratibu. La pili lilipita kabla sijafumba vidole. La tatu likanichuna ngozi. Baada ya hapo sikuona mafundo tena, nilisikia moto tu viganjani. Nikaibana kamba kwa nguvu zangu zote, ghafla, ikakatika.

Halafu hakuna kisima. Nimekaa kwenye dawati langu la darasa la sita, magoti hayaingii. Baba amesimama ubaoni, nguo zinamchuruzika maji, na kamba ile iko mkononi mwake.

"Mafundo yote yana nafasi sawa," akasema. "La kwanza ungeliwahi. La tatu hukuliwahi. Kwa nini?"

"Nilidhani mwendo utabaki ule wa mwanzo, baba. Kumbe ulikuwa unaongezeka muda wote."

Akaitikia kwa kichwa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Akaivuta kamba kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Haikukatika.

"Kamba ya watu ilikuwa nzima, mwanangu. Yona anajua?"

Nikafumbua macho. Kumekucha.

Yona hajui. Siku ile watu walikiona kipande kilichokatika, wakasema Mama Sikitu alitoa kamba mbovu, nami nikanyamaza. Yona amekua bila kumwamkia mama yule, hata wakikutana njiani uso kwa uso.

Alikuwa amekwisha washa jiko. Akaniamkia shikamoo, dada. Nikamwambia akae, nina neno. Akakaa.

Chai ikapoa, sijaanza.