Liwa na Kivuli

Ndagoni nzima ilijua kwamba ngozi ya Kidawa iliponywa na liwa ya Bimkubwa. Habari hiyo ilisimuliwa arusini na matangani, na kila msimulizi alitia chumvi yake, lakini kiini chake kilikuwa kweli: binti aliingia ndani na vidonda, akatoka mzima.

Kidawa alizaliwa na ualbino, kitinda mimba wa Arafa, mkulima wa mihogo. Arafa hakuwa na wa kumwuliza. Aliiona ngozi ya mwanawe ikikauka na kupasuka, akadhani inalilia mafuta. Basi kila asubuhi alimpaka mafuta ya nazi mpaka mtoto akang'aa, kisha akambeba mgongoni wakaenda shamba. Jioni walirudi mtoto amekuwa mwekundu, mabega yamefura malengelenge. Mama alilia, na kesho yake akazidisha mafuta.

Alipovunja ungo, Kidawa aliwekwa ndani kama wasichana wenzake. Somo yake akawa Bimkubwa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, aliyeogopwa na wanaume na kupendwa na watoto. Alimweka mwari wake katika chumba cha nyuma chenye kidirisha kimoja. Akasaga liwa, ule mti wa manukato, juu ya jiwe, akaichanganya na marashi, akamsinga asubuhi na jioni kuanzia nyayo mpaka utosini, huku akimfundisha yanayofundishwa na kumchekesha kwa yasiyofundishwa. Kidawa hakuwa ameguswa hivyo tangu alipoacha mgongo wa mama yake. Watu wengine walimgusa upesi upesi, kama mtu anayejaribu chungu kujua kama kimepoa.

Siku ya kutolewa nje ngozi yake ilikuwa nyororo kama nyama ya dafu. Bimkubwa akamvika kanga mpya, akamtembeza kijiji kizima mchana kweupe, vigelegele mbele na nyuma, akiwaita watu waje waone kazi ya mti wake. Tangu siku hiyo akina mama, hata wa Baleni, wakawa wanamletea mabinti wenye harara na vipele.

Vidonda vilirudi. Kila vilipozidi, Kidawa alikwenda kwa somo yake, akafungiwa chumba kile juma zima, akasingwa, akapona. Watu wakasema, mnaona? Kidawa naye akasema hivyo hivyo. Liwa ilisifiwa, na chumba hakuna aliyekitaja.

Kisha ukaja mwani. Ilikuwa miaka ile watu wa Hifadhi ya Bahari walipokuwa wakiwahimiza wanawake waache kukokota nyavu ufukweni na kutafuta kazi nyingine. Kamba na mbegu zikafika, vikundi vikaundwa, na Kidawa, mtu mzima sasa, akajiunga. Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyotarajia. Macho yake hayakuona mbali, lakini kamba ilikuwa pale pale mkononi, na fundo alilolifunga yeye halikufunguliwa na wimbi. Tena mle majini wanawake walisimama bega kwa bega wakisengenya, na hakuna aliyekumbuka kumwita mzungu.

Shida ilikuwa saa. Bamvua linapoingia, siku zile maji yanapokupwa sana, bahari hutoka jua likiwa linapanda, na shamba la mwani huachwa wazi wakati ambao jua ni kali kupita zote. Jua la baharini humpiga mtu kutoka juu, kisha humpiga tena kutoka majini. Kidawa alijitanda kanga, ikalowa, ikamshika ngozi kama haipo. Usoni alijipaka liwa nzito, mpaka Mwanahalima, jirani yake wa kamba, akamwambia anafanana na ukuta uliopigwa chokaa ukasahauliwa.

Mwanahalima huyo huyo ndiye aliyeiona damu kwenye kanga. Kilikuwa kidonda kidogo nyuma ya sikio la kushoto, mahali ambapo Kidawa mwenyewe asingeweza kukiona hata kwa kioo. Alikuwa amekihisi muda mrefu. Alishakwenda nacho kwa somo yake mara mbili, na mara zote mbili alirudi nacho.

"Shoga, hicho si cha liwa," Mwanahalima alisema, na hakubanduka kwake mpaka wakafika zahanati.

Nesi pale alikuwa Tekla, mtu wa bara, mpole, mwenye tabia ya kumwangalia mgonjwa kabla ya kumwangalia jeraha. Alimwacha Kidawa aeleze habari za liwa mpaka mwisho, nazo zilielezwa kwa fahari.

"Ukiwa kwa somo yako unakaa wapi?" akauliza.

"Ndani."

"Mchana hutoki hata uani?"

"Mwari hatoki, nesi. Nani atamruhusu?"

"Basi, mdogo wangu, nadhani kilichokuwa kikikuponya ni kivuli."

Akampa chupa ya mafuta ya kukinga jua na kumwonyesha namna ya kuyapaka: kwa wingi, kabla ya kutoka, na tena baada ya kutoka majini, hata siku ya mawingu, masikio, shingo, midomo, migongo ya mikono. Akamwambia kofia ya kapelo hukinga paji la uso ikayasahau masikio, hivyo atafute yenye ukingo mpana pande zote. Mikono mirefu, kitambaa kizito. Na kuanzia saa nne mpaka saa kumi, akiweza, asiwe juani kabisa. Kuhusu kidonda, hakumficha: huenda ilikuwa saratani ya ngozi inayoanza. Madaktari wa ngozi walikuwa wanakuja Kilindoni juma linalofuata, nao wangekikata kabla hakijaota mizizi. Lakini kiwe safi, kisipakwe chochote. Wakikikuta kimeoza wangekiacha mpaka safari nyingine, na safari nyingine ni mwakani. Kidonda cha namna ile hakimsubiri mtu mpaka mwakani.

Kidawa alirudi nyumbani akijua la kufanya, na asijue la kusema. Jioni ile ile Bimkubwa alibisha hodi, amekuja na kipande kipya cha mti alicholetewa kutoka Unguja. Alikuwa amezeeka. Goti moja lilimsumbua, na alikuwa ametembea njia nzima kwa ajili ya sikio la mwari wake. Kidawa akapiga magoti, akainamisha kichwa, akapakwa. Kesho yake akapakwa tena. Chupa ya Tekla aliificha nyuma ya mtungi.

Siku ya tatu sikio lilikuwa limevimba, na ukipakaribia palinuka. Mwanahalima alipoliona alikasirika hata akakosa utani, kisha utani ukamrudia.

"Heshima yako italila sikio hilo. Utamwambia nini daktari, limebaki kwa somo?"

Kidawa akaenda. Alikwenda jua limekwisha kulala juu ya minazi, amejitanda mpaka machoni. Njiani alipanga maneno mazuri, na alipofika mlangoni hakulikumbuka hata moja. Bimkubwa alikuwa uani anasaga.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, iko tayari."

Kidawa hakukaa. Alisimama, na kwa sauti ndogo akayatoa yote bila mpangilio: nesi, mafuta, madaktari, kidonda kinachotakiwa kuwa safi. Akasema na lile la kivuli. Hapo jiwe likaacha kuzunguka.

Bimkubwa aliitazama mikono yake iliyogandwa na unga wa mti. Kuku wakapita kati yao. Kidawa alitamani angalau atukanwe.

"Kwa hiyo ni chumba," mzee akasema mwishowe.

"Ndivyo anavyosema."

"Miaka yote nasaga mti, kumbe dawa ni kufunga mlango." Akajaribu kucheka, lakini kicheko hakikufika popote. "Na mimi ndiye niliyekutoa. Nikakuzungusha juani saa sita, nipate kujisifu."

"Somo..."

"Uliungua siku ile. Usiku nilikuona mabega. Nikajiambia ni kijicho cha watu."

Kidawa akapiga magoti mbele yake, akaishika ile mikono yenye unga. Alitaka kusema jambo kubwa, akasema lile alilokuwa nalo. "Mimi nilipenda kukaa mle ndani kwa sababu ulikuwemo wewe. Bila wewe ningetoroka siku ya kwanza."

Bimkubwa akavuta pumzi puani. Kisha akainuka kwa taabu, akaleta maji ya uvuguvugu yenye chumvi na kitambaa safi, akalisogeza sikio kwenye taa. Aliiosha liwa yake chembe kwa chembe, polepole, akipuliza kila mwari wake aliposhtuka. Alipomaliza akadai kuiona hiyo chupa. Kidawa aliitoa kwenye kanga. Bimkubwa akaifungua, akanusa, akakunja uso.

"Haina harufu hata ya kusingizia. Mtu atakwenda nayo arusini?" Lakini akaweka tone kiganjani, akaonja kwa kidole ulaini wake. "Nionyeshe inavyopakwa. Na nyuma ya shingo unafikaje peke yako?"

"Sifiki."

"Nilijua. Asubuhi kabla hujatoka, pita hapa."

Kidonda kikaoshwa hivyo asubuhi na jioni, na uvimbe ukashuka. Siku ya Kilindoni, Kombo wa bodaboda alifika alfajiri kumchukua abiria mmoja, akawakuta wawili. Bimkubwa hakuwa amewahi kupanda pikipiki maishani mwake. Alipanda akiwa amemkumbatia Kidawa kiunoni, akisoma kila dua aliyoijua, na nyingine alizozitunga kwenye mashimo.

Daktari alilitazama sikio, akauliza nani aliyekisafisha kidonda. Kidawa akamwonyesha bibi aliyekaa mlangoni, ambaye papo hapo alijitia hasikii. Wakampiga ganzi, wakakata, wakashona. Wakasema wamekiwahi, lakini kipande walichokikata kingepimwa, na kila baada ya miezi kadhaa ngozi yote ikaguliwe. Kazi ile haikuchukua muda. Saa tano hivi wakawa nje ya mlango, Kidawa amefungwa bendeji, na Kombo amekwisha kuwasha pikipiki.

"Zima," Bimkubwa akasema.

Kombo akalalamika ana abiria wengine, mafuta yanaungua, na bibi mwenyewe asubuhi alisema ana haraka ya kurudi.

"Basi kachukue hao abiria wako, urudi alasiri. Huyu hatoki kivulini mpaka jua lishuke."

Wakaingia kwenye hoteli ya jirani, wakachagua meza ya ndani kabisa, mbali na mlango, wakaagiza mihogo ya nazi na chai. Walizungumza habari za mwani. Bimkubwa alikuwa ameshakwenda kwa wenzake Kidawa wa kikundi bila kutumwa. Walikubaliana Kidawa awe anafunga mbegu kwenye kamba ndani ya banda bamvua likiwa mchana, na kuteremka majini zile siku ambazo maji hutoka asubuhi mapema au jioni. Mmoja wao alinung'unika kwamba huko ni kula kivuli wakati wenzako wanaungua.

"Ukamjibuje?" Kidawa akauliza.

"Nimemwambia aje yeye afunge mafundo kama yako, kivuli ataletewa pamoja na kigoda."

Kidawa akacheka, ganzi ikamkatiza, akashika shavu. Chai ikapoa. Nje, barabara ilikuwa nyeupe kwa mwanga, na watu walipita wamefinya macho. Kidogo kidogo kichwa cha Bimkubwa kikalegea, kikainama, kikaegemea bega la Kidawa. Mwenye hoteli akaja kuondoa vikombe na kuuliza kama wangependa kitu kingine. Kidawa akamjibu kwa kunong'ona kwamba bado wapo.