Mtu Aliyetembea Bila Mzigo

Wasomaji wa karatasi hii ya habari, naanza kwa kuomba radhi kwa mwandiko wangu. Mnajua kwamba shule yangu iliishia kwenye madarasa ya chini, na karatasi hii tunaiandika kwa mkono, kwa hiyo kosa langu la herufi linafika mpaka vijiji vya Ntoto na Itebero jinsi lilivyo. Leo mistari imepinda kuliko siku zote. Habari ni hii: yule mtu wa hapa Muheto tuliyemwita Papa, aliyekuwa anaandika kitabu, amekufa. Nilikuwa shambani habari iliponifikia. Jirani alisimama kando ya njia akaniambia, nami nikaitika vizuri, kisha nikaendelea kulima. Akaniita tena: "Kaka, acha jembe! Hausikie? Kuna kifo." Kwetu mtu akifa hakuna anayegusa udongo kwa jembe mpaka azikwe, hilo hata mtoto analijua. Mimi pia nalijua. Mikono yangu ndiyo ilikuwa imesahau. Tangu hapo sijalia. Mwili wangu wote uko kama mguu uliokaliwa muda mrefu: naugusa, ni wangu, lakini hausemi kitu.

Hatukuwa marafiki. Yeye alikuwa mtu mzima mwenye mke na mashamba, mimi ni kijana ninayeona haya hata kusalimia watu wawili kwa pamoja. Lakini kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya sala, nilikaa kwenye majani nje ya kanisa pamoja na wengine tukimsikiliza. Zamani alikuwa karani kwenye shamba la pareto, akiandika uzito wa maua. Miguu ilipoanza kuvimba na pumzi kuwa fupi akarudi kwenye kilima cha baba yake, na huko akasema jambo ambalo hakuna mtu kwetu aliyewahi kulisema: kwamba anataka kuandika kitabu kirefu cha mtu wa siku hizi, mtu wa kawaida, na kwamba anataka pia kupona. Mke wake aliniambia kwamba alimjibu, "Na maharagi je? Yatajilima?" Akasema maharagi pia.

Munganga wa dispanseri alimpa masharti. Asile chumvi. Asinywe kasiksi, hata ikiwa ni harusi ya ndugu, maana pombe yetu ya ndizi hailevyi tu, inavimbisha pia. Asikae chini kutwa nzima. Na kila asubuhi atembee polepole, bila kubeba kitu, mpaka kwenye daraja la miti kule bondeni, kisha arudi. Sharti hili la mwisho ndilo lililomletea taabu. Sisi sote tunatembea. Kuna watu hapa waliokwenda Itebero kwa miguu na kurudi, na hakuna aliyesema ametembea. Amesema alikwenda kutafuta chumvi, au alimpeleka mgonjwa, au alikwenda kuona dada yake. Mtu mzima anayeshuka bondeni mikono mitupu, akafika darajani, akageuka, huyo hatukuwa na jina lake. Mama mmoja mzee, jirani yake, ambaye mdomo wake tunaujua sote, alimngojea asubuhi ya kwanza kabisa.

"Papa, unaenda wapi?"

"Niko natembea tu, Mama."

"Unatembea tu? Ni mbuzi njo inatembea tu. Na hata mbuzi iko inatafuta majani."

Kesho yake akabeba jembe begani ili watu wamwache. Hawakumwacha. Walipoona anashuka bondeni kila siku, walianza kumpa kazi. "Papa, kwa kuwa unapita pale, pelekea shemeji yangu viazi hivi." "Papa, unarudi? Basi unibebee kuni kidogo, si nyingi." Haukupita muda, yule aliyeambiwa atembee bila mzigo akawa ndiye mbebaji wa kilima kizima, na alikuwa anaona haya kukataa. Munganga alipoona miguu imezidi kuvimba akamuuliza kama anatembea kweli. Akajibu kwa unyenyekevu kwamba anatembea, tena na viazi. Munganga alipanda mwenyewe mpaka huku siku ya Mungu, akasimama mbele ya kanisa, akatuambia: "Muntu huyu, kutembea njo dawa yake. Muntu asimutie kitu mukononi!" Mama mzee akanung'unika kwamba hajawahi kuona dawa inayopita mbele ya mlango wake kila asubuhi ikimsalimia. Lakini tangu siku ile hakuna aliyempa mzigo tena.

Sasa niwaambie habari ya kitabu. Kilikuwa cha mtu mmoja wa Muheto aliyekwenda mbali, upande wa machimbo kupita Itebero, kumtafuta ndugu yake, na sasa anarudi peke yake kwa miguu kupitia msituni. Papa alikuwa anatusomea sehemu aliyoimaliza wiki ile. Lazima mwelewe jinsi tulivyosikiliza. Hadithi za jioni tunazijua. Zina sungura na chui, na zina namna yake ya kuanza, hivyo mtu anajua kwamba ni hadithi. Lakini karatasi kwetu huleta habari za kweli: nani ameitwa kwenye kazi ya barabara, nani alipe kodi, nani ameoa. Na huyu alikuwa anasoma kwenye karatasi, habari za mtu wa hapa, kwenye njia tunazozijua, anayelala Ntoto kwa sababu mvua imemzuia. Aliposoma kwamba mtu yule ameugua huko Ntoto, amelala kwenye kibanda cha mwenye muhogo, miguu imevimba na hana wa kumpikia, wamama walitazamana. Mchuuzi mmoja aliyekuwa anakwenda upande huo wiki ile alikuta amewekewa kitunga cha maharagi ya kupeleka.

Mchuuzi aliporudi alikuja moja kwa moja mbele ya kanisa na kitunga kile kile, watu wakiwa bado wamekaa.

"Nimezunguka Ntoto yote," akasema. "Nimeuliza mupaka kwa wale wa muhogo. Hakuna muntu wa jina ile. Hakuna mugonjwa wa kwetu. Maharagi yenu njo hii, nimeyabeba kwenda na kurudi kama mujinga."

Wote wakamgeukia Papa. Aliweka karatasi zake magotini. "Hayuko," akasema. "Nilimutengeneza mimi."

"Ulimutengeneza na nini?" akauliza Mama mzee.

"Na akili tu, Mama."

"Kumbe! Kama hayuko, juu ya nini miguu yake iko inavimba sawa na yako?"

Mama mzee akainuka, akachukua kitunga kutoka kwa mchuuzi, akakiweka mbele ya miguu ya Papa. "Basi kula wewe. Ule wa Ntoto atashiba." Watu wakacheka, hata mchuuzi akacheka, na Papa akacheka mpaka pumzi ikamkatika tukalazimika kumngojea. Kisha mtu wa nyuma akasema, "Soma basi. Alipona ao hakupona?" Tulikuwa tumeambiwa kwamba hayuko, na hakuna hata mmoja aliyeinuka kwenda nyumbani.

Baada ya hapo wamama walikata shauri. Walisema Papa ana kazi tatu, mwili, kitabu na shamba, na mtu mgonjwa haziwezi zote. Mbili za kwanza hakuna anayeweza kumsaidia. Ya tatu wataifanya wao. Wakaja na majembe, wakalima shamba lake lote, wakapanda. Yeye akabaki na asubuhi ya kutembea na mchana mzima wa kuandika. Mtu angefikiri kitabu kingekimbia. Siku ya Mungu iliyofuata akaja na nusu ukurasa. Iliyofuata akaja bila kitu. Mimi niliyekaa karibu nilimsikia akimwambia munganga, aliyekuwa amepanda kumwona, kwa sauti ya chini: "Nilipokuwa nalima, yule mtu alikuwa ananifuata kwenye mstari, ananiambia mambo yake. Sasa naingia ndani, naketi, naye hayuko."

Munganga alikasirika. "Chagua. Kitabu ao mwili. Jembe liachie wengine."

"Nikiacha jembe, kitabu kinanyamaza. Nikiacha kitabu, kutembea nako nitaacha, maana ni yule muntu njo ananiamusha asubuhi. Ukitoa moja, munganga, umetoa yote."

Walibishana, na mwishowe mke wake ndiye aliyewapatanisha. Alisema mume wake atalima kidogo, na yeye ndiye atakayejua kidogo ni kiasi gani. Kila asubuhi akachomeka kijiti kwenye mstari wa maharagi. Papa akitoka darajani analima mpaka kwenye kijiti, basi, anaweka jembe chini hata kama udongo ni laini na jua bado ni zuri. Kisha anakula chakula chake kisicho na chumvi, anapumzika, anaandika. Kivuli cha nyumba kikifika kwenye jiwe la kusagia anafunga wino. Watu walimcheka kwamba anatawaliwa na kijiti. Yeye alisema kwamba kijiti ni rafiki, kwa sababu kinamwambia jambo ambalo kitabu hakimwambii kamwe, yaani kwamba kwa leo inatosha. Kitabu kikaanza kusema tena. Mtu wa Ntoto akapona, akafunga mzigo wake, akapanda milima.

Siku ya Mungu ya mwisho alitusomea jinsi mtu yule alivyofika kwenye daraja letu la miti. Akaweka mzigo chini, akakaa, akaingiza miguu ndani ya maji. Papa akakunja karatasi. Watu wakapiga kelele. "Avuke! Nyumbani ni pale!" "Anaona hata moshi wa kwao!" Papa akatabasamu. "Amechoka," akasema. "Mumuache apumuzike kidogo. Tutamaliza tukikutana tena."

Mke wake alimkuta shambani. Alikuwa amekwisha kurudi kutoka darajani, amekaa juu ya tuta, jembe limelala pembeni. Alikuwa upande wa huku wa kijiti, hakukifikia. Nalitaja hilo kwa sababu watu wanapenda kusema kwamba aliyekufa alizidisha kitu. Huyu hakuzidisha. Hakula chumvi, hakunywa, alitembea, alilima kidogo, aliandika kidogo, na akafa. Munganga alikuja kwenye mazishi, akakaa peke yake, akiangalia mikono yake. Nimejaribu kutafuta wa kumkasirikia na sikumpata. Labda ndiyo maana nimekuwa kama jiwe.

Baada ya mazishi, siku ya Mungu ilipofika, tulitoka kanisani tukakaa pale pale kwenye majani. Hakuna aliyesema tukae. Mke wa Papa akaleta karatasi, akanipa mimi, kwa kuwa wanajua naandika. Nilisimama nikasoma ukurasa wa mwisho, ule tulioujua. Mtu akaweka mzigo chini, akaingiza miguu ndani ya maji. Nikakunja karatasi.

"Endelea," wakasema.

"Imeishia hapa."

"Basi andika wewe. Wewe uko na kalamu."

Nikasema kwamba naandika polepole, na kwamba sijui mtu yule alitaka kusema nini akifika kwao. Mama mzee akaniangalia. "Polepole namna gani? Ule muntu akae kwenye maji mupaka lini?" Akashika fimbo yake akainuka. "Twende tumulete."

Tukaenda. Wamama hawakuchukua vitunga, wanaume hawakuchukua majembe, tukashuka bondeni mikono mitupu, watu wengi wakubwa bila mzigo wowote. Njiani tukakutana na mtu wa kijiji kingine. Akasimama kando akatuuliza tunaenda wapi hivyo. Mama mzee ndiye aliyejibu. "Tuko tunatembea tu," akasema, na sisi nyuma yake hakuna aliyecheka. Darajani hakukuwa na kitu, maji tu na miti yenye utelezi. Tukasimama kidogo. Mama mzee alingoja kama mtu anavyomngojea mwenzake ainue mzigo wake, kisha akageuka, akaanza kupanda, nasi tukapanda. Tulikwenda polepole sana, mwendo wa mtu mwenye miguu mibaya. Hakuna aliyetuambia twende hivyo.

Mke wa Papa alikuwa ametangulia nyumbani kwake. Tulipofika mlango ulikuwa wazi na maharagi yameiva. Akatugawia kwenye majani ya ndizi. Yalikuwa yamepikwa kama alivyozoea kuyapika siku zote hizo, bila chumvi hata chembe. Tulikula yote, na hakuna aliyeomba chumvi.

Nilizoea kufikiri kwamba mwandishi ni mtu aliyepewa siku nyingine kuliko zetu, yenye nafasi. Huyu alikuwa na siku ile ile yetu, tena fupi zaidi, yenye mguu mbaya na tuta la maharagi ndani yake, naye akakipa kila kitu sehemu yake, na kila kitu kikakisaidia kingine. Haikumwongezea maisha, wala sitawadanganya kwamba ilimwongezea. Ila sijaona siku yake hata moja iliyopotea. Mimi tangu wiki ile nashuka mpaka darajani asubuhi, ingawa siumwi. Kisha nalima mpaka kwenye kijiti changu. Kisha naandika, na karatasi hii ndiyo ya kwanza niliyoiandika hivyo, na imenichukua muda mrefu.

Ninyi wa Ntoto, wa Itebero na wa milimani, niandikieni. Mpeni barua yeyote anayepanda huku, hata mwandiko ukiwa mbaya kama wangu, mniambie mnagawanyaje siku yenu, na kama kuna mwingine huko anayeumwa, analima na kuandika. Na mkimwona mtu anapita asubuhi mikono mitupu, msimpe viazi vyenu. Niandikieni tu kwamba amepita.